Kona Waliyoikanyaga Tembo

Mwaka wa pili wa mafunzo ulinikuta nimechoka. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, maana pale saiti kila mtu alikuwa amechoka, na wengine walikuwa na sababu kubwa kuliko yangu. Nasema tu ili ieleweke kwa nini mambo mengine niliyaamua polepole, na mengine pengine niliyaamua vibaya.

Yalikuwa mafunzo ya ujenzi na usimamizi wa ujenzi, ya kujifunzia kazini. Darasani tulikaa muda mfupi, katika chumba cha kupanga juu ya maduka pale Bomani, Tarime mjini, halafu tunatawanywa kwenye saiti: huyu barabara, yule makalavati, yule majengo. Mimi shule niliishia kidato cha pili. Baada ya hapo niliponda mawe ya dhahabu kwetu Nyakunguru, kisha nikawa saidia fundi, nabeba karai la zege kichwani. Kwa hiyo zege nililijua kwa shingo kabla sijalijua kwa kitabu. Sisemi kwamba ndiyo njia bora. Wenzangu walioanza na kitabu walishika hesabu upesi, mimi nikabaki nyuma namsumbua mwalimu kwa maswali ambayo wenzangu walishayamaliza.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mugumu, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani na biashara ya nguo. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mafuta. Sisi tulioanza na Kikurya nyumbani tulikuwa tunamjibu kwa kupigapiga maneno kama mtu anayepanga mawe. Hakutucheka hata mara moja. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye nitasema jambo jingine juu yake.

Sharti la kumaliza lilikuwa moja. Kila mwanafunzi apewe kazi moja aisimamie mwenyewe, kutoka kuchimba msingi mpaka sakafu, halafu mwalimu aje aikague. Akiikubali, umemaliza. Akiikataa, unarudia msimu mzima. Kwa vijana wasio na mzigo kurudia ni aibu ya wiki moja. Kwangu haikuwa hivyo. Wanangu wawili walikuwa Nyakunguru kwa mama yangu, na mama mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Alikuwa ameshaniambia kwenye simu, bila ukali wowote:

"Msimu huu nitavumilia. Ukifika mwingine, wewe rudi ukae na watoto wako. Mimi si mti wa kufungia mbuzi."

Alikuwa ameshanilea mimi, akalea wa kaka yangu, sasa analea wa kwangu. Nikikataliwa, basi, masomo yanaishia hapo.

Kazi niliyopewa ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba vitatu kando ya zahanati, mbele kidogo ya Robanda, kijiji cha kando ya mbuga ya wanyama. Ilikuwa ya akina mama wajawazito waliokaribia siku zao, walale pale wakisubiri, badala ya kushikwa na uchungu huko mbugani na kubebwa kwenye pikipiki. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiani, kwa hiyo kazi hiyo niliipenda. Lakini kupenda kazi si kuijua.

Juu yangu alikuwepo fundi mkuu, Mkurya mwenzangu, umri wa baba yangu mdogo. Alikuwa amejenga tangu ujana wake, kutoka Sirari mpaka huku, na hakuwa mtu wa kuficha ujuzi. Siku ya kwanza alinipokea kwa sauti ya kusikika kijiji kizima:

"Injinia wa Nyakunguru! Kwenu mnachimba mashimo, leo umekuja kuyaziba?"

"Nimekuja kujifunza, baba."

"Haya, shika koleo. Kujifunza kunaanzia hapo, na mara nyingi kunaishia hapo hapo."

Alinifundisha kunyoosha kamba, kusoma pimamaji bila kujidanganya, kushindilia moramu, ule udongo wa changarawe wa chini ya zege, mpaka mguu uone ugumu. Nilipokosea alinitania, na nilipopatia alinyamaza. Nilijifunza kuuthamini ule ukimya wake.

Siku ya kumwaga jamvi, yaani lile zege la sakafu, tulianza jua likichomoza. Ilikuwa kiangazi. Upepo wa tambarare ulikuwa unanyonya unyevu wa kila kitu, hata wa midomo. Zege ukiliacha likauke haraka hivyo linakuwa dhaifu, linapasuka, linatoa vumbi miaka yote. Inabidi linyweshwe maji siku saba au zaidi. Na maji tuliletewa na punda, madumu manne kila punda, kutoka kisimani ambako wanakijiji wenyewe walikuwa wanapanga foleni.

Darasani mwalimu alikuwa ametufundisha njia ya kuokoa maji. Badala ya kumwagia asubuhi na jioni yakaishia kwenye upepo, unazungushia kingo za sakafu matuta madogo ya udongo, unajaza maji ndani, yanatuama kama bwawa. Nilimwambia fundi. Akafikiri, akatema mate pembeni.

"Si mbaya. Punda watapumzika."

Basi kesho yake asubuhi tukachukua udongo wa kichuguu, tukapiga matuta kuzunguka vyumba vyote vitatu, tukajaza maji. Sakafu ikang'aa kama kioo. Wamama waliokuja kliniki walisimama kuitazama. Mmoja akauliza kama tunafuga samaki. Jioni niliangalia maji yale yametulia, mawingu ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mafunzo nikajiambia kwamba labda nitaweza.

Alfajiri mlinzi aligonga mlango wa chumba nilichopanga. Alikuwa mzee wa Kiikoma, mzaliwa wa pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Injinia, vaa viatu. Wageni wamefika kwenye sakafu yako."

"Wageni gani?"

"Wale wasiopiga hodi."

Tulipofika mwanga ulikuwa unatosha. Maji hayakuwepo. Matuta yalikuwa yamesagwa, na sakafu nzima ilikuwa na alama za mviringo za tope, kila moja ukubwa wa sinia, zinapandana. Ubao mmoja wa kuzuia zege ulikuwa umeng'olewa na kutupwa kule kwenye mihina. Tembo walikuwa wamenusa maji, wakaja, wakanywa, wakaondoka. Hawakuwa wamegusa kitu kingine chochote.

Walipandia kwenye kona ya chumba cha mwisho. Hapo ukingo ulikuwa umemeguka, na kutoka kwenye mmeguko ule nyufa zilikuwa zinakimbia kuelekea ndani, nyembamba, kama mizizi ya nyasi.

"Walikuwa wangapi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Nani atasimama kuhesabu?" akasema mlinzi. "Nilisikia wananyonya, nikaingia stoo nikafunga."

Fundi mkuu alikuja akiwa bado anafunga mkanda. Aliizunguka sakafu yote.

"Mzee, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Niliambiwa nilinde saruji. Saruji ipo."

"Na sakafu?"

"Sakafu nani anaiba?"

Fundi alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye toroli.

Nimelifikiria sana jambo hili, nani wa kulaumiwa, na kila nikimshika mmoja nalazimika kumwachia. Robanda hata mtoto anajua kwamba kiangazi huachi pipa wazi. Sisi wenyewe kila jioni tulifunika mapipa yetu kwa bati na mawe juu yake, na mara nyingi nilifunika mimi. Lakini ile sakafu hakuna aliyeiona kama pipa. Mlinzi hakuiona hivyo, naye amezaliwa na kukulia kati ya tembo. Fundi hakuiona hivyo, maana kwetu Tarime kitu pekee kinachoweza kuja kunywa kwenye sakafu yako ni ng'ombe wa jirani. Na mwalimu alichora bwawa ubaoni Bomani, ambako nje kulikuwa na maduka na bodaboda. Tulifunika mapipa, tukalala, na nyuma yetu tumeacha pipa pana kuliko yote.

Tulikunywa chai ya asubuhi. Halafu fundi akaniita pembeni.

"Sikiliza, mama. Mwalimu wako anakuja keshokutwa. Tope tunaosha. Ukingo tunauziba. Zile nyufa tunapiga niru juu, uji mwembamba wa saruji, sakafu inakuwa laini, anaona kazi safi, unakwenda kwa watoto wako."

"Na chini ya niru?"

"Chini kuna nyufa. Chini ya sakafu ngapi Tarime kuna nyufa? Nyumba ndogo hii, haina ghorofa, imelalia mawe. Wanawake watalala juu yake miaka hamsini. Mimi sikuambii uongo, nakuambia nilichokiona."

Nataka kumtendea haki. Hakuwa fundi wa ujanja ujanja. Aliyoyasema mengi yalikuwa kweli, na mimi sikuwa na ujuzi wa kumpinga. Saruji iliyobaki ilikuwa ya kuta, na kubomoa kungetupotezea muda ambao hatukuwa nao. Zaidi ya hayo, aliyasema kwa ajili yangu. Yeye cheti chake hakikuwa hatarini.

"Lakini kazi ni yako," akamalizia. "Anakuja kukagua yako, si yangu. Amua."

Nilikaa na neno hilo asubuhi nzima. Nilitamani angeamua yeye, nimlaumu. Mwisho nikachukua nyundo ndogo, nikavua viatu, nikaanza kugonga sakafu, hatua kwa hatua, nikisikiliza. Njia hiyo alinifundisha fundi mwenyewe. Zege lililokaa vizuri juu ya mawe linajibu kwa sauti kavu, ya juu. Palipo na uwazi chini panajibu kama debe.

Chumba cha kwanza kilijibu vizuri. Kona ya chumba cha mwisho ilijibu kama debe, waziwazi, hata mlinzi aliyekuwa mbali akageuka. Uzito wa tembo ulikuwa umeshindilia moramu kuliko tulivyoshindilia sisi, na zege likabaki limening'inia juu ya hewa. Kwa hiyo tembo walinikagua kabla ya mwalimu.

Tatizo lilikuwa chumba cha kati. Niligonga, nikasikia kavu. Nikarudia pale pale, nikadhani nasikia kitu kingine. Nikamwita fundi, akasema pazima. Nikagonga tena, nikakubaliana naye. Alipoondoka nikagonga tena, nikawa sikubaliani naye. Sikio lililochoka linasikia linachoogopa.

Nilichukua mkaa jikoni kwa mama lishe nikachora mstari. Upande huu wa mstari, chumba chote cha mwisho, tunabomoa. Upande ule tunaacha.

"Umeamua," fundi akasema.

"Nimeamua, baba. Sijui kama nimeamua vizuri."

"Hilo hakuna anayelijua." Akavua shati, akalitundika kwenye ubao. "Leteni mtaimbo."

Nilidhani atanuna, lakini yeye ndiye aliyepiga pigo la kwanza. Zege la siku mbili halijawa jiwe, lakini si uji pia. Tulibomoa mpaka jioni. Chini ya kona tulikuta uwazi wa kuingiza ngumi. Fundi aliingiza ngumi yake, akaitoa, hakusema kitu.

Mwalimu alipokuja alikuta shimo. Vyumba viwili vina sakafu, cha tatu kina mawe na vumbi na mimi katikati yake na koleo. Alisimama mlangoni, yaani pale ambapo mlango ungekuwa.

"Asalaam. Hii ndiyo kazi yenyewe?"

Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Kiswahili kilinikimbia, nikasema "ile maji" badala ya "yale maji", nikajisahihisha, nikazidi kuharibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni nani aliyekufundisha kutuamisha maji?"

"Ni wewe, mwalimu."

Nyuma yangu mafundi walikohoa. Mwalimu alitazama upande wa mbuga.

"Ni kweli. Nami sijawahi kujenga jirani na tembo."

"Mwalimu, kwa haki ya Mungu, na mimi nilikubali," fundi akaingilia. "Tena moramu ya kona nilisimamia mimi siku hiyo. Huyu mama alikuwa kisimani na punda. Usimhesabie peke yake."

Sikumwomba aseme hivyo. Mpaka leo namshukuru, ingawa sina hakika kama nilikuwa kisimani siku hiyo au siku nyingine.

Mwalimu aliomba nyundo. Akagonga chumba cha kwanza, akaruka mstari wangu wa mkaa, akarudi, akapiga magoti chumba cha kati.

"Hapa mbona hukubomoa?"

"Sijui vizuri, mwalimu. Nilisikia mara hivi, mara vile. Fundi alisema pazima."

Akagonga tena. Akainamisha kichwa.

"Nami nasikia pazima," akasema. "Lakini siwezi kukupitisha kwa sakafu yenye shimo. Rudishia chumba, kitunze, nitarudi nikague."

Jioni nilimpigia mama.

"Wamekukataa?"

"Hawajanikataa. Bado."

"Bado ndiyo nini?"

"Kuna kona. Tembo walikanyaga."

Nikamsikia anawaambia watoto watulie.

"Watu wanafelishwa na hesabu," akasema. "Wewe umekwenda kutafuta tembo?"

Tulishindilia upya, tukamwaga upya. Saruji ya kuta iliingia huko, na kuta zikangoja mzigo mwingine. Safari hii hatukutuamisha maji. Tulitandika magunia, tukayaloanisha asubuhi, mchana na jioni, maji kidogo kidogo, na juu ya magunia tukafunika nyasi ili upepo usiyafikie. Mlinzi naye alikuwa na dawa yake. Aliponda pilipili kichaa, akachanganya na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akawa anachoma pembe nne za jengo jua likizama. Moshi ule ulitukohoza wote. Wamama wa kliniki walilalamika, muuguzi akalalamika, fundi akasema afadhali tembo. Lakini tembo hawakurudi. Sijui kama ni pilipili, au magunia, au walikuwa wameshapata maji kwingine. Mzee alisema ni pilipili, na sina ushahidi wa kumpinga.

Mwalimu alisema atakuja Ijumaa baada ya swala, akitokea Mugumu. Ijumaa hakuja. Sikumlaumu, njia ni mbovu na hana gari lake. Niliendelea kuloanisha magunia ingawa muda wake ulikuwa umepita, kwa sababu nikikaa nilikuwa nafikiri, na nikifikiri nilikuwa naenda kugonga chumba cha kati.

Alikuja siku ambayo sikumtazamia, ana vumbi hadi kwenye kope. Hakukaa. Akafunua magunia, akagonga kona mpya. Kavu, ya juu. Akagonga ukingo wote. Kisha akaenda chumba cha kati, akagonga pale pale alipogonga mwanzo, akasimama.

"Haya," akasema. "Umepita."

Nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele. Nilikaa kwenye toroli. Fundi akanipa mkono, akaniambia, "Injinia," basi, bila Nyakunguru na bila mashimo. Nikampigia mama.

"Nimemaliza."

"Sakafu?"

"Sakafu na masomo."

"Ashukuriwe Mungu. Basi njoo uchukue watoto wako, mgongo unaniuma."

Nikaenda. Sasa ninafanya kazi kwa mkandarasi mdogo, na watoto niko nao, na mama anapumzika anavyoweza. Nilipata safari ya kupitia kule mara moja. Nyumba ina bati, ina rangi mpaka nusu ya ukuta, na muuguzi aliniruhusu kuingia. Chumba cha kati alikuwepo mama mmoja amekaa chini kwenye mkeka, miguu imevimba, anachambua mboga. Tulisalimiana. Sikukusudia, lakini nilijikuta nimevua kandambili, nagonga sakafu kwa kisigino.

"Unagonga nini, dada?"

"Nasikiliza tu."

"Kwani chini kuna nini?"

"Mawe," nikamwambia.

Alisogeza mkeka kidogo kunipisha, akaendelea na mboga zake. Nikagonga mara nyingine, nikavaa kandambili, nikaondoka.